Hori limejaa, mzani hausogei

Nje kidogo ya mji wa Nzega kuna mzee tuliyejuana tangu nikiwa kijana wa kuswaga ng'ombe kwenda mnadani. Mwezi wa nane mwaka jana aliniita nikaone maksai wake sita. Alikuwa amewafungia zizini tangu mwezi wa nne, anawaletea pumba kwa baiskeli, na hori lilikuwa halikauki. "Wanakula, mwanangu," akaniambia. "Wanakula mpaka naogopa kuwaangalia." Na kweli walikuwa na matumbo kama madumu. Nikatoa tepu, tukampima yule mwekundu kifuani: sentimita 142. Mwezi wa nne alikuwa 138. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa pumba zangu zimekwenda wapi?"

Zimekwenda pale ambapo chakula cha kila ng'ombe huanzia kwenda: kumweka hai. Kabla hajaongeza hata gramu moja ya nyama, mnyama anapumua, moyo unadunda, mwili unatunza joto lake, tumbo linafanya kazi ya kusaga. Gharama hiyo hailipwi kwa mkupuo. Ni ya kila siku inayopambazuka, anenepe asinenepe. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachogeuka uzito. Watu wengi wanaonenepesha ng'ombe huku kwetu huhesabu kile kinachoingia horini, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kile kinachobaki hatukihesabu.

Tumfanyie hesabu huyo mwekundu. Kwa tepu alikuwa na kilo 200 hivi alipoanza. Nishati ya chakula hupimwa kwa megajuli, na ng'ombe wa kilo 200 anahitaji kama megajuli 27 kwa siku za kuishi tu. Mzee alikuwa analisha pumba za mpunga kutoka mashineni, zile zilizochanganyika na maganda, pamoja na majani makavu. Chakula cha namna hiyo kina kama megajuli 7 kwa kila kilo ikiwa kikavu kabisa. Maksai akila kilo 5 anapata 35. Toa 27, zinabaki 8. Lakini kila siku walikuwa wanapelekwa lamboni kunywa maji, kilomita 3 kwenda na 3 kurudi, na mwendo huo peke yake unachoma megajuli 4 au zaidi. Zimebaki 4. Kilo moja ya uzito kwa mnyama wa namna hii inataka kama megajuli 35, kwa hiyo 4 ni gramu mia moja na kitu. Siku 120 za gramu hizo ni kilo 14 tu. Ukigawanya, kila kilo ya uzito ilimgharimu mzee zaidi ya kilo 40 za chakula.

Sasa badilisha chakula. Mpe cha megajuli 9.5 kwa kilo, naye atakula hata zaidi kidogo kwa sababu chakula kizuri hakikai tumboni muda mrefu: tuseme kilo 5.5. Anapata 52. Maji yawe zizini, asitembee. Toa zile 27, zinabaki 25, yaani kama gramu 700 kwa siku. Chakula kimeongezeka nusu kilo, ubora wake umepanda kwa theluthi moja, na ukuaji umeongezeka mara sita. Ukiielewa hesabu hii, mambo mengine yote ya unenepeshaji ni njia tofauti za kukipandisha kile kinachobaki.

Unamlisha ng'ombe, au unalisha tumbo lake?

Ng'ombe hasagi majani peke yake. Tumbo lake la kwanza ni pipa kubwa lililojaa bakteria na vijidudu vingine, hao ndio wanaovunja nyuzi za majani, naye anaishi kwa kile wanachokizalisha. Vijidudu hivyo vinahitaji naitrojeni, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye protini. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 ya chakula, vinazorota. Majani yanakaa tumboni siku nyingi bila kuvunjika, tumbo linabaki limejaa, na mnyama anaacha kula ilhali ana njaa ya kweli. Yale matumbo kama madumu hayakuwa dalili ya shibe. Ilikuwa foleni.

Huku Tabora hali hiyo hutokea kila kiangazi. Mvua ikikatika mwezi wa nne, majani yanakomaa haraka, na kufikia mwezi wa nane yale yaliyosimama porini huwa hayafikishi hata asilimia 5 ya protini. Ngitili zetu, utaratibu mzuri wa wazee wa Kinyamwezi na Kisukuma wa kutenga malisho, zinaokoa ng'ombe wasife. Kwa kunenepesha, hata hivyo, majani ya ngitili yaliyoachwa mpaka mwezi wa tisa ni kujaza tumbo tu. Sehemu ya ngitili ikatwe yanapoanza kutoa maua, ianikwe, ifungwe marobota kwa sanduku la mbao na kuwekwa kivulini, ndipo unapata kitu. Kazi yake ni ngumu na inaangukia wakati wa mavuno, najua. Ndiyo maana wengi hawaifanyi.

Kwa protini tuna bahati. Igunga na Nzega ni nchi ya pamba, na mashudu ya pamba ndiyo kitu bora kwa ng'ombe wa kunenepesha ambacho mkoa huu unacho. Yale yaliyokamuliwa pamoja na maganda yana protini ya asilimia 25 hadi 30 hivi, yaliyokobolewa vizuri huzidi hapo. Pamba ina sumu yake ya asili, lakini tumbo la ng'ombe mkubwa linaimudu. Ndama wadogo, kuku na nguruwe ndio wa kuwaepusha nayo. Mashudu ya alizeti yanafaa vilevile. Ya karanga yana protini nyingi, ila nusa kwanza: yakiwa na ukungu yaache dukani. Na usidharau majani ya viazi vitamu na ya karanga baada ya mavuno. Mengi yanaachwa shambani yakikauka juani, na yana protini kuliko nyasi yoyote utakayoikata mwezi huo.

Mchanganyiko ninaoutumia ni huu, kwa kilo 100: pumba za mahindi 70, mashudu ya pamba 27, chokaa ya kulishia mifugo 2, chumvi 1. Huo unachukua kama asilimia 70 ya chakula cha siku, na majani makavu yaliyokatwakatwa yanachukua 30. Ukipiga hesabu ya jumla unapata protini ya asilimia 12 na kitu, inayotosha. Chokaa wengi huiruka kwa kuiona haina maana. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, na uwiano huo ukikaa vibaya kwa miezi, madume na maksai hutengeneza vijiwe kwenye njia ya mkojo. Ukimwona maksai anajikamua, mkojo unatoka matone, ujue kilo mbili za chokaa zingekuwa rahisi zaidi.

Chumvi tunayo ya jirani. Ile ya Uvinza, upande wa Kigoma, ndiyo iliyokuwa ikibebwa na misafara ya Wanyamwezi karne ya 19, na hata sasa ng'ombe hawajalalamika. Inamfanya mnyama anywe, na anayekunywa ndiye anayekula. Dume la kilo 250 likila chakula kikavu linahitaji lita 30 hadi 50 kwa siku, za juu zaidi mwezi wa kumi jua linapokuwa kali. Siku hizi bomba la maji ya Ziwa Victoria limefika Igunga, Nzega na Tabora mjini. Kama uko karibu nalo, bili ya maji ni nafuu kuliko zile megajuli za kwenda lamboni.

Kuhusu urea, ile mbolea ya shambani, niseme polepole, maana hapa watu wamepoteza ng'ombe. Ni kweli vijidudu vya tumboni vinaweza kuigeuza kuwa protini, na ni kweli kwamba mabua yanayonyunyiziwa maji yenye urea, kilo 4 au 5 kwa kila kilo 100 za mabua, kisha yakafunikwa kwa turubai bila hewa kwa wiki tatu, yanalainika na kuliwa vizuri zaidi. Lakini urea ikizidi asilimia 1 ya chakula, au ikalowa na kujikusanya chini ya hori, au ikapewa mnyama mwenye njaa ambaye hajaizoea, inaua ndani ya saa chache. Kisha kuna jambo la kwetu sisi nchi ya tumbaku. Kule Urambo, Sikonge na Kaliua mfuko unaokaa stoo mara nyingi ni wa mbolea nyingine, CAN. CAN si urea. Ina naitreti, ambayo mwilini mwa ng'ombe inazuia damu kubeba hewa, na damu yake inageuka rangi ya kahawa. Mbolea nyeupe zote zinafanana machoni, kwa hiyo soma mfuko, na kama mfuko umechanika jina halionekani, usijaribu.

Siku ya kwanza ndiyo ya hatari

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua maksai wanane waliokonda. Nikawahurumia. Jioni ileile niliyowafikisha nikawamwagia paraza ya mahindi, debe zima na zaidi, wakala kama wamefunguliwa jela. Usiku wa pili mmoja alikufa. Mwingine alisimama kichwa chini, meno yanasaga, kinyesi kimekuwa cha kijivu chenye povu na punje zinaonekana ndani yake. Alipona, lakini alichechemea hadi nikamuuza kwa hasara.

Nilichofanya ni kuwashtua vijidudu. Vile vinavyovunja majani na vile vinavyovunja wanga ni makundi tofauti. Ng'ombe wa malishoni ana vya majani kwa wingi. Wanga ukishuka ghafla, bakteria wa asidi wanazaana kuliko wengine wote, tumbo linakuwa chachu kama maziwa yaliyolala, ukuta wake unaungua, na kwato zinavimba kwa ndani. Wiki mbili hadi tatu za kuzoeza zinatosha kuepuka yote hayo: anza na majani kwa wingi na mchanganyiko robo tu ya chakula, ongeza kidogo kila siku tatu nne, na uangalie kinyesi kuliko unavyoangalia hori. Kikiwa kama uji mzito, endelea. Kikilegea na kutoa povu, rudi nyuma hatua moja. Usisage majani yawe vumbi. Vipande vya urefu wa kidole vinamfanya acheue, na mate ya kucheua ndiyo dawa ya asidi aliyopewa na Muumba.

Siku hizohizo za kuzoeza ndizo za kuondoa wapangaji. Mnyama mwenye minyoo anagawana chakula chako na minyoo. Ng'ombe wanaotoka pande za mbuga ya Wembere mara nyingi wana minyoo bapa ya ini, na dawa ya kawaida ya minyoo kwa kipimo cha kawaida haiigusi. Mwambie mtaalamu wa mifugo wazi kwamba ni ini unaloshughulikia. Wanaotoka kwenye miombo ya Sikonge na Kaliua, fikiria ugonjwa wa ndorobo, kwa sababu mbung'o wanaoueneza wapo. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, zimeandikwa kwenye chupa. Mpe dawa mwanzoni, siku hizo zitakwisha zenyewe kabla ya kuuza. Na kama utanunua chakula cha kiwandani chenye monensini, ambayo inasaidia kweli kupata uzito kwa chakula kidogo zaidi, hakikisha punda wako hafiki horini. Kwa punda na farasi ni sumu.

Faida inapatikana mnadani, mara mbili

Kuna hesabu inayowashangaza wengi, hata mimi ilinikera. Nitatumia bei za mfano. Weka za kwako. Umenunua mnyama wa kilo 200 kwa shilingi 3,000 kwa kilo: 600,000. Umemlisha siku 90, ameongeza gramu 700 kwa siku, sasa ana kilo 263. Ametumia kilo 9 za chakula kwa kila kilo ya uzito, chakula ni shilingi 500 kwa kilo, jumla 283,500. Ukimuuza kwa 3,000 ileile unapata 789,000. Umepata hasara ya 94,500, na hujamlipa kijana wa zizini.

Kilo aliyoiongeza imekugharimu 4,500 na unaiuza 3,000. Biashara inasimama pale tu mnyama mnene anapouzwa kwa bei ya juu kwa kila kilo, zikiwemo zile 200 ulizonunua zikiwa za mkonde. Akiuzwa kwa 3,600 unapata 946,800, na inabaki 63,300. Sasa chukua hatua moja zaidi: chakula kilekile cha kilo 6.3 kwa siku, lakini kwa ubora, afya na umri sahihi akaongeza gramu 900. Kilo zile 63 zinafika siku ya 70. Ametumia kilo 7 za chakula kwa kila kilo ya uzito, jumla 220,500, na kinachobaki ni 126,300. Maradufu. Zile siku 20 zilizokatika zilikuwa siku 20 za kumlipia mnyama gharama ya kuishi.

Kwa hiyo unanunua nani? Fungua mdomo. Mwenye jozi moja au mbili za meno ya utu uzima, wa miaka miwili mitatu hivi, bado anajenga misuli. Misuli sehemu kubwa ni maji, haihitaji nishati nyingi kuitengeneza. Mafuta ya mnyama mzee yanakula chakula mara kadhaa zaidi kwa kila kilo. Chagua mwenye mifupa mipana aliyekondeshwa na kiangazi, kwa sababu mwili ulionyimwa chakula ukikipata hukimbia kufidia. Lakini tofautisha mkonde wa njaa na mkonde wa ugonjwa. Geuza kope uone ndani: pakiwa peupe kama karatasi, mwache. Uvimbe laini chini ya taya, mwache. Tezi zilizovimba chini ya sikio au mbele ya bega, mwache hata kama dalali anakuapia kwa mama yake. Dume lisilohasiwa hukua haraka kuliko maksai na hupata zaidi kwa chakula kilekile, ila zizi la madume wageni ni uwanja wa ngumi, na ngumi nazo zinakula megajuli.

Kupima hakuhitaji mzani. Zungusha tepu kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa kalio. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Yule mwekundu wa mzee: 142 mara 142 mara 115, gawanya kwa 10,840, kilo 214. Haitakuwa sawa kabisa na mzani, zebu wetu, hawa ng'ombe wa nundu, wana maumbo yao, lakini inatosha kukuonyesha kama anapanda au amesimama. Pima asubuhi kabla ya maji na chakula, kila baada ya wiki mbili, mtu yuleyule na tepu ileile. Ya fundi cherehani huishia sentimita 150, na ng'ombe akianza kunenepa kweli itakuaibisha mbele ya watu.

Tuliwaanzishia wale sita mchanganyiko mpya mwezi huohuo wa nane, taratibu. Mzee alinunua tenki la maji na akaacha safari za lamboni. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja mwekundu alikuwa na kifua cha sentimita 156 na urefu 118, kilo 265 kwa hesabu yetu. Alikuwa bado anakula vizuri, na mzee alitaka kumwongeza mwezi mmoja awe mnene zaidi. Nikamwonyesha daftari. Wiki mbili kabla kifua kilikuwa 155. Ameongeza kilo tatu na kitu ndani ya siku 14, kama gramu 240 kwa siku, huku akila chakula cha shilingi elfu tatu na mia tano kila kukicha. Mgongo ulikuwa umefunikwa na mbavu za nyuma hazionekani. Mnunuzi asingelipa zaidi kwa mafuta ya ziada.

Mzee aliangalia daftari, akamwangalia mwekundu, akampigia simu dereva wa fuso. Tulikwenda mnada wa Igunga pamoja. Nilimwona akizunguka katikati ya ng'ombe wakonde wa watu wengine, anafungua midomo, anageuza kope, ameshika tepu yangu. Mpaka leo hajairudisha.